Debe Shinda Barabarani: Mwongozo wa Kumpitisha Kona Abiria Asiyefunga Mkanda

Wahenga walisema debe shinda haliachi kutika. Neno "shinda" hapo halihusiani na ushindi. Shinda ni chombo kilichojaa nusu: maji yamo, nafasi imo, na kila hatua ya mbebaji yanagonga ubavu huu kisha ubavu ule. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuona lori la tairi 22 likishuka mteremko wa Iwambi na maelfu ya lita za petroli mgongoni. Lakini kwa maneno manne alilimaliza somo ambalo wengine hulielewa lori likiwa limekwisha kulala mtaroni.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayesafiri na kioevu: dereva wa lori la mafuta, wa boza la maji, wa gari la maziwa, na kijana aliyefunga simtanki kwa kamba nyuma ya pikapu. Ni wa mwenye gari pia, yule anayepiga simu kila nusu saa kuuliza "umefika wapi?" Na ni wetu tunaoishi kando ya barabara, kwa sababu lori likipinduka hulala upande wetu.

Hatua ya kwanza: Mjue abiria wako

Mfuko wa saruji ukifungwa vizuri Dar es Salaam, unafika Tunduma ukiwa pale pale. Kioevu hakifungiki. Unakata kona kulia, lori linakwenda kulia, lakini yeye anaendelea kule kule alikokuwa anakwenda, anaparamia ukuta wa kushoto wa tanki na kupanda nao. Kisha anarudi kwa kishindo. Kwa hiyo yeye huingia konani baada yako na hutoka konani baada yako. Katika tanki lenye upana wa mita mbili hivi, likiwa nusu, wimbi huchukua karibu sekunde mbili kwenda na kurudi. Zihifadhi sekunde hizo mbili kichwani, tutazihitaji huko mbele.

Tabia yake ya pili ni kupenda kukaa juu. Kitovu cha uzito cha lori la mafuta lililojaa kinakaribia mita mbili kutoka ardhini, na gari lenyewe lina upana wa mita mbili na nusu tu. Ni sawa na mtu aliyebeba ndoo kichwani huku amebana miguu. Gari dogo likizidisha mwendo konani kwenye lami kavu, aghalabu huteleza kwanza, na dereva wake hupata onyo. Lori la tanki lililojaa hupinduka kabla halijateleza. Gari dogo huhitaji kusukumwa pembeni kwa nguvu inayofikia au kuzidi uzito wake lenyewe ili lipinduke. Lori la tanki hutosheka na theluthi moja hivi ya uzito wake.

Hatua ya pili: Piga hesabu kabla hujawasha injini

Chukua kona kali, ambayo ungechora duara lake ungepata nusu kipenyo cha mita 50. Ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, nguvu inayokusukuma nje ni robo ya uzito wa gari. Kwa 50, ni asilimia 39. Kwa 60, ni asilimia 57. Malori mengi ya tanki hufika mwisho wa uvumilivu wao kati ya asilimia 30 na 40, na tanki lililo shinda huchoka mapema zaidi. Kati ya 40 na 50 pana tofauti ya kilomita 10 tu, na ndani ya hizo 10 ndimo yalimo maisha yako.

Sababu ni kwamba nguvu ya kona haipandi sambamba na mwendo, bali kwa mraba wake. Ongeza mwendo mara moja na nusu, na nguvu inaongezeka zaidi ya mara mbili.

Sasa tazama faida ya kukimbia. Kona hiyo ikiwa na urefu wa mita 80, anayeipita kwa 50 atamtangulia anayeipita kwa 40 kwa sekunde moja na nusu hivi. Huo ni muda usiotosha kufungua chupa ya maji ya kunywa. Dereva anayejisifu kijiweni kwamba kona ile huikata kwa hamsini, hajaikata. Kona imemsamehe, na haikumwahidi kumsamehe tena kesho. Hata kibao cha mwendo kilichosimama pale kinaonwa na magari yote bila kujua nani kabeba nini. Wewe unajua, basi punguza zaidi ya kilichoandikwa.

Hatua ya tatu: Pakia kama bibi

Bibi yangu, akitoka kisimani, hakuanza safari kabla hajaweka juu ya maji kitawi chenye majani mabichi. Wimbi likitaka kuinuka lilikutana na majani, likavunjika. Alifika nyumbani na kanga kavu mabegani, na hiyo kanga kavu ndiyo ilikuwa cheti chake.

Wahandisi nao huweka majani yao: bamba za chuma zenye matundu, zinazokatiza tanki kwa ndani ili kioevu kipite polepole. Ijue kazi ya bamba hizo, na ujue zinapoishia. Zimewekwa kukingama urefu wa tanki, kwa hiyo hupunguza wimbi la mbele na nyuma unapofunga breki. Wimbi la kushoto na kulia, lile la konani, zinaliacha lipite linavyotaka. Anayeingia kona kwa kasi kwa kuwa "tanki langu lina bamba" amevaa kofia kujikinga na miiba ya njiani. Na dereva wa maziwa hana hata kofia: matanki mengi ya maziwa hayana bamba kabisa, kwa sababu kila pembe ya ndani ni maficho ya maziwa yaliyoganda, na tanki la chakula lazima lioshwe likang'ae.

Umbo nalo lina maneno yake. Tanki la mviringo kamili hukaa juu zaidi. Tanki lililobinywa kama yai lililolala hushusha uzito chini, lakini likiwa nusu humpa kioevu uwanja mpana wa kukimbilia ubavuni. Hakuna umbo linalokuruhusu kusahau mwendo.

Tanki la mafuta kwa kawaida hugawanywa vyumba, na hapo shika jambo moja: chumba kijae au kiwe kitupu. Ukiwa na vituo vitatu vya kushusha njiani, maliza chumba kimoja ndipo ufungue kingine. Usionje kila chumba kama mpishi anayeonja sufuria zote. Na vyumba vinavyobaki na mzigo visiache uzito wote umerundikana mwisho mmoja wa tela. Mkataba wa kimataifa wa kusafirisha bidhaa hatari barabarani, ADR, uliotiwa saini Geneva mwaka 1957, unalisema jambo hili kwa tarakimu: tanki la kioevu lisilogawanywa katika sehemu za lita 7,500 au pungufu lijazwe asilimia 80 au zaidi, au lisizidi asilimia 20. Katikati pale hapapakiwi, kwa sababu pale ndipo nyumbani kwa debe shinda.

Basi tulijaze mpaka mdomoni? Hapana. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia moja kila joto lake linapopanda nyuzi 10. Lita 36,000 zilizopakiwa alfajiri, zikipata nyuzi 10 zaidi njiani, zitadai nafasi ya lita 340 hivi. Usipoziachia nafasi hiyo zitajitafutia zenyewe, kupitia mifuniko. Jaza hadi alama iliyowekwa, si chini yake kwa uzembe wala juu yake kwa tamaa.

Na usiazime tanki la mzigo mwingine. Lori linaloruhusiwa tani 30 za mzigo litabeba lita 40,000 hivi za petroli. Likibeba asidi ya sulfuriki, inayohitajika sana kwenye migodi ya shaba ya Zambia na Kongo, tani hizo 30 zitatimia kwenye lita 16,300 hivi. Mizani itasema gari limetosha, na macho yataona tanki halijafika hata nusu. Ndiyo maana tanki la mzigo mzito huundwa dogo: lijae kabla ekseli hazijalalamika.

Hatua ya nne: Maliza kona kabla hujaingia konani

Kona huamuliwa kwenye njia iliyonyooka. Breki, gia na uamuzi wote vikamilike kabla usukani haujaanza kuzunguka. Ukiwa ndani, shika mwendo mmoja, mguu mwepesi, mkono laini. Ukifunga breki katikati, unaliongezea wimbi la ubavuni wimbi la mbele, na tairi zile zile zilizokuwa zinashika kona sasa zinaombwa na kusimamisha gari. Dereva anayeitafuta breki konani anasahihisha kosa alilolifanya mita mia moja nyuma.

Wala usisubiri gari likwambie. Tela huanza kuinuka kabla ya kichwa. Wewe umekaa kwenye kiti chenye springi, redio inaimba, unahisi mambo shwari, kumbe tairi la nyuma la upande wa ndani limekwisha kuachana na lami. Kuinuka huko kukifika kwenye kichwa ulichokalia, usukani hauna tena la kusaidia.

Kwa hiyo mpe utingo kazi. Tafuta kopo la kioo lenye mfuniko, lenye upana wa sentimita 8, lijaze maji nusu, libane imara mahali lisipomzuia dereva kuona. Gari likiwa konani, maji yatainama. Maji ya upande wa kushoto na ya kulia yakipishana kimo kwa sentimita 2, mmefika robo ya uzito wa gari, na hapo hampaswi kuzidi hata kidogo. Macho ya dereva yabaki barabarani. Anayetazama kopo ni utingo peke yake, na hasomi meseji. Kopo hilo halina sensa wala betri.

Hatua ya tano: Ziogope sekunde mbili

Sasa zile sekunde mbili tulizohifadhi. Umekutana na kona mbili zinazofuatana, moja kulia, moja kushoto. Ya kwanza umeipita salama, ukajipongeza. Lakini wimbi limebaki ukuta wa kushoto, na wakati unakata kushoto ndipo linarudi kulia, likiwa limebebana na nguvu ya kona ya pili. Wawili hao wanasukuma pamoja. Mfano wake ni bembea: anayesukuma kwa wakati unaofaa hahitaji nguvu nyingi kumrusha mtoto juu kabisa. Kwenye kona za namna hii, mwendo wa kufaa ni ule wa kona iliyo kali zaidi kati ya hizo mbili, na uupate kabla ya ile ya kwanza.

Kukwepa ni kona mbili zilizofupishwa. Shimo, mbuzi au bodaboda inatokea, mkono unavuta usukani kulia na kuurudisha kushoto, na safari nzima hiyo huchukua sekunde zile zile mbili za wimbi. Asubuhi ya Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Iliripotiwa kwamba dereva alikuwa akimkwepa mwendesha pikipiki. Mkono wa binadamu hukwepa kabla akili haijaulizwa. Ndiyo sababu nafasi hutafutwa mapema: acha umbali mkubwa mbele yako, punguza mwendo penye watu, mchukulie kila mwenye pikipiki kuwa ataingia njiani. Ikibidi, funga breki ukiwa umenyooka kwenye njia yako. Na tairi likitoka kwenye lami likaingia kando, usilirudishe kwa hasira. Acha mwendo upungue kwanza, ndipo ulirudishe polepole. Yapo malori yasiyopinduka kwa kutoka barabarani. Hupinduka kwa kulazimishwa kurudi.

Hatua ya sita: Shuka na gia

Sekenke na Iwambi ni miteremko inayokutana na magari yakiwa bado na mzigo wa kuelekea magharibi. Gia ya kushukia huchaguliwa juu kileleni, lori likiwa linatambaa. Injini ikushikie gari, breki zisaidie kwa vipindi. Breki iliyokanyagwa mfululizo hupata moto, na breki yenye moto hupoteza nguvu, tena huipoteza chini, kwenye kona, mbele ya nyumba za watu. Anayeweka gari fri ili aokoe lita mbili za dizeli amebadilishana na shetani: amempa breki ya injini, akapewa harufu ya mafuta.

Hatua ya saba: Simama, kisha msubiri naye asimame

Umefika kwenye makutano ya barabara, umesimama. Abiria wako hajasimama. Anakuja kutoka nyuma, anagonga ukuta wa mbele, na lori linasogea bila ruhusa yako hadi katikati ya njia. Kanyaga breki mpaka mshtuko wa kwanza na wa pili vipite. Vivyo hivyo ukitoka konani, usikimbilie mafuta. Mwache atulie kwanza.

Hatua ya nane: Boza na simtanki pia ni lori

Usijione salama kwa kuwa umebeba maji tu. Lita moja ya maji ni kilo moja, wakati ya petroli ni robo tatu ya kilo hivi. Kwa ujazo ule ule, maji ni mazito zaidi. Simtanki ya lita 1,000 ni tani nzima iliyosimama juu ya pikapu, na mara nyingi ndani yake hamna hata kitawi kimoja cha bibi. Boza likishusha nusu kwa mteja wa kwanza, limekuwa debe shinda, na hapo ndipo dereva hukanyaga mafuta kwa sababu anahisi gari limekuwa jepesi. Fanya kinyume chake. Wapange wateja ili safari moja imtosheleze mteja mmoja kila inapowezekana, na isipowezekana, nusu ya mzigo ipewe nusu ya haraka.

Hatua ya tisa: Mwenye gari, na wewe uingie darasani

Springi iliyokatika upande mmoja, au tairi lenye upepo mdogo, ni kona ambayo lori linaiingia likiwa tayari limeegemea. Hakuna dereva anayeweza kuirekebisha kwa ustadi wa mikono. Itengenezeni gereji. Na ratiba isiyompa dereva muda wa kulala ni amri ya kukimbia, hata kama haikuandikwa popote. Ukimpigia simu, muulize amelala saa ngapi.

Hatua ya mwisho: Likishapinduka

Hatua hii inatuhusu sisi wa kando ya barabara, na naiandika kwa uzito wote nilio nao. Sachang'wan, Kenya, Januari 31, 2009: lori la petroli lilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukawaka, zaidi ya watu 100 wakafa. Sange, Kivu Kusini, Kongo, Julai 2, 2010: zaidi ya 200. Msamvu: zaidi ya 100. Petroli iliyomwagika hutoa mvuke mzito kuliko hewa. Mvuke huo hauonekani. Hutambaa mitaroni, hushuka mabondeni, hufika mbali na lori lenyewe, na unachongoja ni cheche moja tu ya sigara, ya betri, au ya pikipiki inayowashwa. Hata lori lililokwisha kumwaga si salama, kwa kuwa tanki tupu la petroli limejaa mvuke huo huo.

Kwa hiyo: kaa mbali, upande upepo unakotoka. Zima moto jikoni. Warudishe watoto. Zuia magari pande zote mbili, piga simu zimamoto. Anayekuja na dumu mrudishe kwa upole, kwa nguvu, kwa namna yoyote. Dumu la lita 20 halina thamani ya hata kidole chake kimoja.

Lakini siku nzuri zaidi ni ile ambayo hatua ya mwisho haikuhitajika. Lori limeshuka Sekenke kwa gia ndogo, magari matatu yanapiga honi nyuma yake, dereva hayajali. Kona inakuja, mwendo umekwisha kupungua, usukani unazunguka polepole. Utingo kakazia macho kopo lake. Maji yanainama kidogo, yanasita, yanarudi.

"Yametulia, suka."

Ndipo dereva anagusa mafuta.